Makopo Mawili ya Kidoti

Duka la mikate lilikuwa la watu watatu wa nyumba moja. Mwokaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono ya nguvu ambaye wateja walimwita Hamira, wengine kwa sababu ya kazi yake, wengine kwa sababu hasira zake hazikuchukua muda kuumuka. Kaunta ilikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Watoto wa Hamira walimwita Shangazi, na wateja nao wakaliokota jina hilo. Wa tatu alikuwa mume wa Hamira, aliyeendesha gari la kusambaza mikate. Yeye aliitwa Dereva tu, na aliongea kwa nadra kiasi kwamba akikohoa watu waligeuka kumsikiliza.

Inasemwa kwamba mawifi hawapikiki chungu kimoja. Hawa walipikika. Waliamka pamoja, walifungua pamoja, na walikuwa na namna yao ya kugawana lawama: mkate ukiungua ni wa Hamira, chenji ikipotea ni ya Shangazi, na lolote jingine ni la Dereva.

Shangazi aliwahi kuwa na mtoto mmoja, wa kike, aliyefariki kabla hajajua kusimama. Siku ile Hamira ndiye aliyembeba yule mtoto kutoka hospitali hadi nyumbani, kwa sababu mama mtu mikono ilikataa. Baadaye mume wa Shangazi alitafuta maisha kwingine, naye Shangazi akahamia kwa kaka yake, Dereva. Habari hizo hazikuzungumzwa dukani, na nyumbani zilizungumzwa kwa kuzungukwa.

Kisha akapotea Kidoti.

Kidoti alikuwa mtoto wa miaka mitano katika mji wa mbali ambao hakuna hata mmoja wa hao watatu aliyewahi kufika. Mama yake alimwacha mlangoni mwa duka la sare za shule, akamshikisha mfuko, akaingia ndani kubadilisha sweta iliyokuwa imembana. Alipotoka aliukuta mfuko peke yake. Picha iliyosambazwa ilimwonyesha mtoto akicheka, na alama nyeusi kama tone la wino shavuni. Jina lake halisi familia iliomba lisitumike, basi watu wa mitandaoni wakampa la Kidoti.

Mama alijirekodi akiomba msaada wa kuchapisha mabango, kununua mafuta ya magari ya kutafutia na kulipia tangazo redioni. Shangazi aliitazama video ile saa ya mchana, wateja wanapokuwa wachache, akairudia mara mbili. Jioni aliosha kopo kubwa la siagi. Mbele ya kaunta, milango ikiwa imeshafungwa, Dereva alilitoboa tundu kifunikoni kwa patasi, huku Hamira amelishika lisiteleze. Shangazi akabandika picha ya Kidoti. Kila Ijumaa alichomoa sarafu na noti, akazituma kwa mama kwa njia ya simu, na ujumbe wa kupokelewa akauonyesha kwa yeyote aliyeuliza. Wengi hawakuuliza.

Wiki chache baadaye akajitokeza baba. Yeye na mama walikuwa wameachana kabla ya mkasa. Katika video yake alikaa kwenye kiti, pembeni yake wakili, akasema bila kupandisha sauti kwamba mama anajua mtoto alipo, kwamba machozi yale ni biashara, na kwamba yeye amefungua mchango wake ili aajiri mpelelezi wa kweli.

Tangu saa hiyo watu wakagawanyika, Wa Mama na Wa Baba. Wasiowahi kuwaona wazazi wale hata kwa mbali walijua nani alimpiga nani, nani alilala wapi. Wengine walisimamisha video ya mama pale anapojifuta macho, wakauliza machozi yako wapi. Wengine waliikuza saa ya mkononi ya baba na kutaja bei yake. Kila mmoja aliyewahi kutoa kiasi cha kununulia soda alijiona ana hisa katika mtoto yule.

Hamira alikuwa na mazoea ya kusoma simu wakati donge linaumuka. Yeye alilelewa na baba peke yake, mtu mkimya ambaye mkewe aliondoka na kutangaza mtaa mzima kwamba anampiga. Hakuwahi kumpiga. Hamira alikua akiwaona majirani wakivuka barabara ili wasimsalimie baba yake. Kwa hiyo alipomsikia baba wa Kidoti akiongea polepole vile, alimwamini kabla hajamaliza.

"Wifi, umemwona leo? Amesuka upya," alisema asubuhi moja, akipitisha trei kwenye dirisha dogo kati ya chumba cha tanuri na kaunta.

"Nani?"

"Huyo mama yako. Mtoto hajulikani alipo, yeye amekaa kitini kutwa nzima anasukwa."

"Nywele hazijui msiba, zinaota tu. Ulitaka awe na kichwa kama fagio la uani ndiyo uamini?"

"Nataka nijue pesa za watu zinakwenda wapi."

"Na za baba je? Mpelelezi gani huyo hana jina?"

"Mpelelezi akishatajwa jina si mpelelezi tena, ni msemaji."

Shangazi alicheka, na Hamira naye akacheka. Dereva, aliyekuwa anasubiri trei mlangoni, alisema, "Skonzi zinapoa."

Siku iliyofuata kulikuwa na kopo la pili. Hamira alilitafuta la ukubwa uleule, akabandika picha ya baba akiwa amembeba mtoto mabegani.

"Haki sawa," alisema.

Shangazi alilisogeza kopo lake mbali na lile jingine kwa upana wa mkono, akaendelea kufungasha mikate.

Wateja walilichukua jambo hilo kama mchezo. Walikuwepo waliogawa chenji katikati ili wasiudhi mtu. Fundi cherehani wa duka la jirani alitia kwenye yote mawili na kusema, "Mimi ni wa mtoto." Bwana mmoja mnunuzi wa mkate wa ngano nzima hakutoa chochote siku zote, lakini kila asubuhi aliuliza kwa sauti, "Leo nani anaongoza?"

Mtandaoni mambo hayakuwa mchezo. Shangazi alikuwa ameingia katika kundi kubwa kuliko yote la kesi ile, akijiita Jicho la Mama. Katika maisha yake ya kawaida alikuwa mtu wa kumeza neno. Mle ndani maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka, na watu wasiomjua walimpongeza. Alikuwepo mtu aliyemwandama, akijiita Mkweli Hasa. Shangazi akiandika asubuhi, Mkweli Hasa alimjibu kabla ya mchana. Walibishana juu ya mabango, juu ya sweta, juu ya mlango wa duka ulitazama upande gani. Ilifika mahali Shangazi akishika simu alimtafuta Mkweli Hasa kwanza, kama mtu anavyotafuta kwa ulimi jino linalouma.

Mchana mmoja Mkweli Hasa aliandika kwamba mwanamke aliyepotelewa kweli hawezi kusimama mbele ya kamera. Shangazi akaandika jambo ambalo hakuwahi kuliandika popote. Alisema: "Mimi nilimzika mtoto wangu. Wiki ile ile nilifua, nikapika, nikacheka na wageni. Usitufundishe kulia."

Jibu likaja: "Humu kila mtu ana maiti yake ya kuonyesha akitaka kuhurumiwa."

Watu wengi waliweka alama ya kicheko chini yake.

Shangazi aliiweka simu kwenye droo. Akauza mikate. Alimrudishia mteja chenji ya noti kubwa zaidi ya aliyotoa, na mteja kwa bahati alikuwa mwaminifu. Jioni, wanafunga, Hamira alimtazama usoni.

"Wifi, unaumwa?"

"Kichwa tu."

"Kaa. Hapo hapo, kaa." Hamira akamchemshia chai, akamwekea na kipande cha mkate wa maziwa uliobaki, akasimama mpaka akaona kimekwisha. Ndivyo alivyokuwa.

Haikupita wiki, mteja mmoja aliyapiga picha makopo mawili yakiwa yamekaa ubavu kwa ubavu, akaiweka kwenye kundi na maneno: "Duka linalonufaika na mtoto aliyepotea kutoka pande zote mbili." Jina la duka lilionekana vizuri kwenye mifuko ya karatasi nyuma ya makopo.

Kwa siku mbili biashara ilipanda. Watu walikuja kujipiga picha, na ukisimama kaunta ni aibu kutonunua hata skonzi. Baada ya hapo ikaanza kushuka. Simu ya duka iliita mfululizo.

"Nyie ndio wenye makopo?"

"Ndiyo, karibu."

"Hamna haya."

Mwingine aliagiza mikate mia moja kwa sherehe, akatoa anwani ya nyumba isiyokuwepo, Dereva akazunguka nayo mpaka mikate ikapoteza joto lake. Wa Mama walisema duka ni la Wa Baba, Wa Baba wakasema ni la Wa Mama, na walikubaliana jambo moja tu, kwamba mikate isinunuliwe. Shule ya bweni iliyokuwa ikichukua trei tangu duka lifunguliwe iliandika barua ya adabu ikisema inasitisha kwa muda, kwa sababu baadhi ya wazazi hawana amani. Trei zilirudi zimejaa. Walikula mikate, majirani walikula mikate, kuku wa majirani walikula mikate.

Shangazi alikuwa amesimama kaunta, anasoma matusi chini ya picha ile, alipokuta Mkweli Hasa ameandika. Kwa mara ya kwanza mtu yule alikuwa anatetea.

"Duka hilo nalijua. Hakuna aliyekula hata senti. Pesa za kopo la mama hutumwa kila Ijumaa. Tundu la kopo lile lilitobolewa kwa patasi mbele ya macho yangu, na mimi ndiye niliyelishika."

Alisoma mara moja tu. Jioni ile ya patasi walikuwepo watu watatu, na Dereva alikuwa na patasi mkononi.

Aliomba radhi kwa mteja aliyekuwa anasubiri, akazunguka kaunta, akaingia chumba cha tanuri. Hamira alikuwa anakata donge na kulipima kwa mkono, unga umempanda hadi viwiko.

"Mkweli Hasa ni wewe?"

Hamira aligeuka, uso umejaa kicheko cha mtu aliyekamatwa na kosa dogo. "Ah! Nani amekuambia? Wifi, mle ndani kuna vichaa, acha tu. Wewe umo? Unajiitaje?"

"Jicho la Mama."

Kicheko hakikuondoka mara moja. Kilibaki pale usoni kidogo kwa sababu kilikuwa hakijapata habari. Kisha Hamira akalikumbuka neno lake, na Shangazi akaona wakati ule ule alipolikumbuka. Donge lilimponyoka mkononi likaanguka juu ya meza.

"Wifi," alisema. "Sikujua. Haki ya Mungu, sikujua ni wewe."

"Mteja anasubiri," Shangazi alisema, akarudi kaunta.

Alifanya kazi mpaka saa ya kufunga. Alihesabu mauzo, akaandika, akampa kaka yake funguo. Alipofika nyumbani akafungasha nguo zake ahame. Dereva alimbebea godoro kwenye gari la mikate, na njiani alisema maneno mengi kuliko aliyosema mwezi ule wote.

"Mnagombana kwa ajili ya watu wasiojua hata kama mnapumua. Nilidhani ni utani. Ningejua, makopo yote ningeyatupa mtoni."

"Kaka, si makopo."

"Ni nini basi?"

Hakumwambia. Alijua akimwambia, kaka yake atalazimika kuchagua, na mtu wa kuchagua katikati ya mke na dada huishia kulala sebuleni.

Alipanga chumba kimoja karibu na kituo cha afya na kupata kazi kaunta ya duka la dawa. Kazi ilikuwa ile ile ya kupokea na kurudisha, ila dawa hazinukii asubuhi. Kundi la Kidoti alijiondoa. Kwenye duka la mikate Hamira aliweka binti wa kukodi kaunta, akawa anatoka kila mara kusahihisha chenji, na mikate ikawa inaungua.

Kisha Kidoti akapatikana, mzima, amenenepa kidogo.

Alikuwa katika mji mwingine kwa mwanamke mzee aliyewahi kuwa yaya wake, aliyefukuzwa kazi wazazi walipoachana. Yule bibi alipita mbele ya duka la sare, mtoto akamkimbilia, akamshika mkono, wakaondoka. Alipoulizwa na polisi kwa nini, alisema wazazi wale walikuwa wanagombana sana na mtoto alikuwa hali chakula. Alimlea kama mjukuu, akamfundisha kusoma. Muuguzi mmoja alimtambua siku alipopelekwa kuchomwa sindano. Mama hakujua lolote. Baba hakujua lolote. Mpelelezi, kama alikuwepo, hakujua lolote pia.

Mtu angedhani kundi lingevunjwa siku hiyo. Halikuvunjwa. Wa Mama walisema yaya alitumwa na baba. Wa Baba walisema alilipwa na mama, na mchango ndio uliomlipa. Halafu likazuka kundi la tatu lililosema huyu si Kidoti, kwa sababu kwenye picha mpya doti liko shavu la kulia na kwenye bango lilikuwa la kushoto. Walichora mishale myekundu. Mwenye studio ya picha alieleza kwa upole kwamba picha ya bango ilipigwa kwa kamera ya mbele ya simu, ambayo hugeuza kulia kuwa kushoto. Waliuliza amelipwa kiasi gani.

Hamira alisoma yote haya akiwa ameketi juu ya gunia la unga. Hakuandika. Aliona watu aliowapenda kwa ujasiri wao wakimwambia mama aliyerudishiwa mtoto kwamba amerudishiwa bandia, na aliitambua sauti ile, jinsi ilivyojiamini, jinsi ilivyofurahia. Ilikuwa sauti yake.

Dereva hakumshauri mtu. Aliyachukua makopo yote mawili, ambayo tangu biashara ianze kushuka yalikuwa yamefichwa stoo, akayapeleka benki. Mpokeaji fedha aliyamimina kwenye mashine moja bila kuuliza, na kilichopatikana kilikwenda ofisi ya ustawi wa jamii, fungu la watoto wanaotafutwa. Stakabadhi aliiacha mezani, hakuna aliyeiomba.

Hamira alikwenda duka la dawa siku ya kazi, saa ya mchana. Alisimama kwenye foleni kama mteja. Ilipofika zamu yake walitazamana kwenye kioo chenye tundu la kupitishia sauti.

"Wifi, nimekuja kusema neno moja."

"Sema."

"Sikujua ni wewe."

"Hilo nalijua. Tangu siku ile nalijua," Shangazi alisema. Hakuwa na hasira usoni. "Nilichokaa nikijiuliza ni kingine. Ingekuwa si mimi, ingekuwa mwanamke mwingine huko aliko, je?"

Nyuma ya Hamira mtu alikohoa. Hamira aliomba vidonge vya maumivu ambavyo hakuvihitaji, akalipa, akaondoka.

Siku kadhaa baadaye, baada ya kutoa mkate wa asubuhi, alinawa mikono, akafungua simu, akaingia kwenye kundi. Aliandika kwa jina lile lile la Mkweli Hasa, mbele ya watu wote waliowahi kumpongeza. Aliandika kwamba kuna mwanamke humu aliyesema alimzika mtoto wake, na yeye akamdhihaki. "Alikuwa anasema kweli. Hata kama angekuwa anadanganya, sikuwa na haki ya kumjibu vile. Mama wa Kidoti naye nilimsema vibaya, na baba yake nilimtetea bila kujua lolote. Naomba radhi kwa wote wawili, na kwa yule bibi kwanza."

Alisahau kwamba mle ndani neno "bibi" lilikuwa na maana moja tu. Wakadhani anamwomba radhi yaya, na moto ukawaka. Msaliti. Amenunuliwa. Kwa kiasi gani? Na nani? Mtu mmoja alitaka kujua anaishi wapi. Wa Mama walisema toba yake ni ujanja, Wa Baba walisema hakuwa mwenzao kamwe. Hamira alijaribu kueleza kwamba bibi aliyemkusudia ni yule mwanamke aliyemdhihaki, na kila alipoeleza akazidi kuchafua. Mikate ya pili iliungua. Yule binti wa kaunta aliingia kuuliza moshi unatoka wapi, akamkuta anasoma huku machozi yanaanguka kwenye unga.

Simu ikaita. Ilikuwa namba ya Shangazi.

"Futa," Shangazi alisema, bila salamu.

"Umeisoma?"

"Wa duka la jirani amenitumia, fundi cherehani. Nimeisoma. Futa sasa hivi, wanakutukana."

"Waache watukane. Nilistahili."

"Usinifanyie ushujaa. Kuna mtu hapo anauliza unakaa wapi, na una watoto. Futa, wifi."

Hamira akafuta. Kwanza aliyafuta maneno, kisha akalifuta jina lenyewe, Shangazi akimwelekeza kwenye simu bonyeza hapa, sasa bonyeza pale, kwa sababu Hamira alijua kuingia tu, kutoka hakuwahi kujifunza. Walipomaliza, kila mmoja alibaki anasikia duka la mwenzake.

"Nini kinaungua huko?" Shangazi aliuliza.

"Kila kitu."

"Zima tanuri basi, tutaongea."

Shangazi hakurudi kaunta ya mikate. Duka la dawa lilimlipa vizuri, na chumba chake alikuwa ameshakizoea. Shule ya bweni ilirudi kuchukua mikate muhula uliofuata, nusu ya trei za zamani. Lakini Jumapili Shangazi alianza kwenda kwa kaka yake kula chakula cha mchana. Mara ya kwanza yeye na Hamira waliongea habari za bei ya unga tu. Mara ya tatu, wakiwa wanaosha vyombo na Dereva amesinzia kitini, Hamira alimuuliza kuhusu mtoto, yule wa kwake, kama alikuwa ameanza kucheka kabla hajaugua. Shangazi alisema ndiyo, alikuwa ameanza. Akamweleza alivyokuwa akicheka.